Kuhamisha Peugeot 504 isiyowaka

Ndugu, hiyo 504 ya mzee iliyolala miaka nyuma ya nyumba usiivute kwa kamba mpaka kwa fundi, hata kama ni hapo jirani tu. Injini isipowaka boosta (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki) haifanyi kazi, pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe, na mafuta ya breki huenda yalishavuja. Kodi gari la kubeba lenye winchi (mashine ya kuvutia kwa waya). Ni ghali, lakini lipa.

Kabla halijafika, jaza matairi upepo. Gia iwe huru na breki ya mkono iachiwe. Zuia magurudumu mengine kwa mawe, inua gurudumu moja moja kwa jeki, ulizungushe kwa mkono. Likigoma, huenda breki imeganda: kama gurudumu lina dramu (chombo cha duara cha breki nyuma ya rimu), igonge taratibu; magurudumu ya mbele yana diski, si dramu. Wakati wa kuvuta, ufunguo uzungushwe ili usukani usijifunge, na gia ibaki huru. Watoto wakae mbali na waya wa winchi.