Kadi Mlangoni, Chai Kwenye Sosa: Maswali Yenu Kuhusu Adabu za Zamani

Kwenye tamthilia za Waingereza wa kale, mgeni humpa mtumishi kadi, kisha anaenda zake bila hata kuketi. Sasa alikuja kufanya nini? (Lanet, Nakuru)

Alikuja kuacha kadi. Enzi za Malkia Victoria, mke wa tajiri wa London hakulazimika kumpokea kila aliyebisha. Mtumishi aliichukua kadi yenye jina la mgeni, akaenda kuuliza ndani. Akirudi na jibu kwamba bibi hayupo, mgeni aliondoka bila kununa, hata kama amemwona dirishani. Hakuna aliyehesabu huo kuwa uongo. Pembe ya kadi ikikunjwa, ilionyesha kwamba mwenyewe alifika, hakutuma mtu. Kadi ilijibiwa kwa kadi. Usipoletewa yako, umejua hutakiwi, na hukuaibishwa mbele za watu. Waliokaribishwa ndani nao walikaa kama robo saa tu, wanawake wakiwa na kofia zao kichwani. Hapa kwetu, mgeni wa robo saa asiyeonja chai atasemwa hadi Njoro. Hata hivyo nawaonea wivu kidogo: siku hizi mtu anakupigia simu akiwa tayari getini.

Nyanya yetu humimina chai kwenye sosa, anaipuliza, anainywa humo humo. Wajukuu wa mjini wanamcheka. Tumwambie aache? (Kondele, Kisumu)

Msithubutu. Uingereza ya karne ya 18, watu wa heshima zao walikunywa hivyo hivyo, na sosa zilikuwa na kina zaidi ya hizi zetu. Karne ya 19 wakubwa wakabadili mawazo, na waliobaki na mtindo wa awali wakaitwa washamba. Wa kurekebishwa hapo ni hao wajukuu.

Naenda kwa wazazi wa mchumba wangu mara ya kwanza. Baba anasema nisimpe mama mkwe mkono. Nimekulia Nairobi, naogopa kuonekana nina maringo. (Lurambi, Kakamega)

Msikilize mzee. Kwa Waluhya wengi wa zamani, mkwe na mama mkwe hawakupeana mikono wala kula pamoja, na wakikutana njiani mmoja alipisha. Leo nyumba nyingi zimelegeza, lakini hujui hiyo ni ipi. Kwa hiyo simama, inamisha kichwa, salimia kwa mdomo, mikono ishike zawadi uliyobeba. Mama akinyoosha mkono, upokee, asiponyoosha, umepona. Hata London ya wakati ule, bwana akikutana barabarani na mwanamke anayemfahamu kidogo tu, alisubiri mwanamke ainamishe kichwa kwanza ndipo avue kofia. Jingine: kuku akiletwa, firigisi usiiguse. Ni ya mwenye boma, labda akupe mwenyewe.

Mume wangu alipofariki nilikaa eda miezi 4 na siku 10. Wajane wa Kiingereza wa zamani walikaa muda gani? (Mumias)

Pole sana, mama. Wao walitarajiwa kukaa miaka 2 au zaidi. Mwaka wa kwanza na siku moja walivaa nyeusi tupu ya krepu, kitambaa kisichong'aa, bila kwenda karamuni. Malkia Victoria mwenyewe alifiwa na mumewe Albert mwaka 1861, akavaa nyeusi hadi alipokufa mwaka 1901. Mume aliyefiwa hakubanwa hivyo: suti nyeusi, kazini kama kawaida, na akioa mapema hakuna aliyeshangaa sana.