Mnaoanza wodi ya mifupa, mzee wa nyonga msimuache kitandani

Wadogo zangu mnaoripoti wodi za upasuaji huku Mtwara na Lindi, naomba mnielewe kitu kimoja kuhusu wazee wanaovunjika nyonga. Ukishaiona x-ray usiishie hapo. Kinachowamaliza sana ni kulala kitandani bila kuinuka. Tafiti za Ulaya na Marekani zinaonyesha kati ya wazee 10 wanaovunjika nyonga, 2 mpaka 3 hawafikishi mwaka, wengi wakiwa wameshafanyiwa operesheni, wanaondoka na nimonia, moyo, au damu iliyoganda mguuni ikapanda mapafuni.

Lengo ni aingie tieta (chumba cha upasuaji) ndani ya saa 48 tangu alazwe. Sasa fikiria bibi kaanguka huko Liwale akiokota korosho, akaitwa fundi wa mifupa akamkanda, ndugu wakachanga nauli, mpaka anafika mjini siku zimeshakwenda, halafu na wewe umuongezee nyingine eti figo haijapimwa! Siku hiyohiyo chukua damu, sukari, figo, grupu ya damu, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), ongea na ndugu wachangie damu. Presha iliyopanda kidogo isimrudishe wodini. Sukari iliyopaa, nimonia, moyo uliochoka, hizo ndio unazitibu kwanza, na unazitibu haraka. Na mpe dawa ya maumivu kwa saa zake, usisubiri aombe, wazee wetu wanavumilia mno, na mwenye maumivu havuti pumzi vizuri wala hali chakula.

Uliza kabla ya kuanguka alikuwa anatembeaje. Alikuwa anaenda shamba au msikitini mwenyewe? Kumbukumbu ikoje, anakula? Majibu hayo yanakwambia mengi kuliko miaka kwenye faili. Wanawake ndio wanavunjika zaidi ila wanaume wanafariki zaidi, kwa hiyo babu mkae naye macho.

Akianza usiku kuita marehemu na kuvuta dripu, usiseme ni uzee, na ndugu wakisema majini wasikilize kwa heshima lakini wewe kapime oksijeni, sukari, angalia mkojo umeziba au la, angalia kapewa dawa gani. Anayeongea naye Kimakonde akae karibu, hilo nalitetea kabisa, linatuliza.

Kesho yake baada ya operesheni anakaa, anasimama. Ndugu wataogopa chuma kitachomoka, waelezeni mapema kwamba chuma kimewekwa ili asimame, na daktari akiwa na sababu ya kumzuia asikanyage ataiandika. "Shikamoo bibi, leo tunasimama," unamshika, basi. Mpira wa mkojo utoke mapema. Chakula chake kiwe uji wenye lishe, samaki, mayai, kunde, sio chai ya rangi tu.

Akiruhusiwa, jua aliyevunja nyonga moja yuko kwenye hatari ya kuvunja nyingine, kwa hiyo mifupa ipimwe na itibiwe, macho yaangaliwe kama ana mtoto wa jicho, na muulizeni choo kiko wapi, maana kama ni cha nje atahitaji ndoo na taa chumbani. Namba ya simu andikeni ya yule anayelala naye nyumba moja, sio ya mtoto aliyeko Dar.