Uliza Mwalimu: Kabla ya kulipa ada, hesabu saa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtunza ghala, umri wangu miaka 39, na nina stashahada niliyoipata zamani. Kazi yangu ni ya zamu, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Nimeona tangazo la shahada ya kwanza kwa njia ya mtandao: "Soma kwa wakati wako, maliza kwa miaka mitatu." Mume wangu anasema nijaribu. Dada yangu anasema nitajichosha bure. Nimsikilize nani?
Mtunza ghala

JIBU: Marahaba, mama. Wote wawili wamezungumza bila kupiga hesabu, basi tuipige sisi.

Masomo ya chuo kikuu hupimwa kwa krediti, na kila krediti ina saa zake. Uingereza, krediti moja ni saa 10 za kusoma, na shahada ya kwanza ina krediti 360. Hizo ni saa 3,600. Katika mfumo wa nchi za Ulaya, krediti moja ni kati ya saa 25 na 30, na shahada ya miaka mitatu ni krediti 180, kwa hiyo saa ni nyingi zaidi. Tuchukue ile hesabu ndogo. Ukigawa saa 3,600 kwa miaka mitatu unapata saa 1,200 kwa mwaka, kama saa 23 kila wiki, sikukuu humo humo, mtoto akiumwa humo humo. Aliyeandika tangazo hakudanganya. Amekuachia tu kazi ya kugawanya.

The Open University ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, wakati masomo yalipitia redio, televisheni na vitabu vya posta. Ilikusudiwa watu wazima wenye kazi zao, na hadi leo mwanafunzi wake wa nusu muda huchukua kwa kawaida miaka sita kupata shahada. Wanaoifahamu kazi hii kuliko wengi wameona sita ndiyo miaka inayobebeka. Kwa hiyo mumeo yuko sahihi kuhusu kujaribu, na dada yako yuko sahihi kuhusu hiyo mitatu.

Kabla ya kujaza fomu, chukua daftari uandike saa zako kwa wiki mbili, moja ya mchana na moja ya usiku. Andika ulichofanya kweli, si ulichopanga. Halafu tafuta zile saa ambazo hakuna anayekuhitaji na macho yako bado yanasoma. Saa inayofuata zamu ya usiku mimi huihesabu nusu, na nadhani hapo nimekuwa mkarimu. Ukipata saa 10 au 12 kwa wiki, unaweza kuanza na somo moja au mawili kwa muhula. Ukipata nne, muulize mumeo, kwa upole, ni kazi zipi za nyumbani atazichukua yeye. Ushauri wa "jaribu" huwa rahisi sana kwa asiyeosha vyombo.

Sasa piga simu kitengo cha udahili, uwaulize hayo maneno ya "wakati wako" yanaishia wapi. Je, kuna vipindi vya moja kwa moja ambavyo lazima uhudhurie? Mazoezi yanakusanywa kila wiki au mwisho wa muhula? Mtihani una saa yake maalumu, huku kamera ikikutazama, na ukiangukia zamu yako itakuwaje? Ukibanwa, kuahirisha muhula kunaruhusiwa, na ada inakwenda wapi? Uliza pia kama stashahada yako inaweza kukupunguzia krediti, na jibu hilo ulipate kwa maandishi kabla hujalipa. Linaweza kukuokolea miezi mingi.

Nimesahihisha kazi za watu wazima kwa miaka mingi. Walioacha masomo hawakuwa wazito wa kuelewa. Wengi walichelewesha zoezi la kwanza, wakachelewesha la pili, kisha wakaona haya kumwandikia mhadhiri. Mwandikie kabla tarehe haijafika: "Zamu yangu imebadilishwa, naomba siku tano." Mstari mmoja unatosha, na usimweleze habari za ukoo mzima.

Zile dakika 20 za mapumziko kazini usizimalizie kwa kusoma ukurasa uleule tena. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kuwa waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikihifadhi vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma. Funga kitabu, andika unachokumbuka, kisha fungua uone umeacha nini.

SWALI: Mwalimu, mwenzangu amepata shahada kwa wiki mbili kwa sababu ya "uzoefu wa maisha". Tovuti yao nzuri, simu wanapokea. Na mimi niombe?
Mwenye haraka

JIBU: Usiombe. Mwaka 2015 gazeti la The New York Times liliandika habari za kampuni ya Axact ya Pakistan, iliyohusishwa na mamia ya tovuti za vyuo vya uongo. Simu zilipokelewa huko pia, na hata vyombo vya kutoa ithibati, yaani kuthibitisha kuwa chuo kinafikia viwango, vilikuwa vya kubuni. Kwa hiyo ithibati usiitafute kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Nenda kwenye orodha ya mamlaka ya elimu ya juu ya nchi ambako chuo kimesajiliwa. Vyuo halali huutambua uzoefu wa kazi, lakini huukagua kwa ushahidi na kuuhesabu kama sehemu ya krediti. Hawakupi shahada nzima.

SWALI: Cheti kitaandikwa kuwa nilisoma mtandaoni?
Msomaji

JIBU: Vyuo vingi haviandiki. Omba kuona sampuli. Lakini kama unasomea uuguzi, ualimu, sheria au uhandisi, swali lako la kwanza lipeleke kwa bodi inayotoa leseni, maana ndiyo itakayoamua kama ufanye kazi au la.