Mzee wa Kansas City aliyesema hapana mara nane

Swali la wiki hii mmeuliza ni kiongozi gani wa mambo ya fedha tunamheshimu na kwa nini. Wengi watataja magavana wa benki kuu za nyumbani na ni sawa, ila mi namtaja Thomas Hoenig, aliyekuwa rais wa Fed ya Kansas City kuanzia 1991 mpaka 2011. Fed ndiyo benki kuu ya Marekani, ina benki 12 za kanda, kila moja na rais wake, na wengi wa marais hao wanapokezana zamu ya kupiga kura ya riba pamoja na magavana wa Washington.

Mwaka 2010 zamu ilikuwa yake. Riba ilikuwa imeshushwa karibu na sifuri tangu Desemba 2008 kwa sababu ya ule msukosuko wa mabenki, na kamati hiyo ya kupanga riba ilikaa vikao 8 mwaka ule, vyote 8 yeye akapiga kura ya kupinga, tena peke yake. Hebu fikiria, Ben Bernanke ndo mwenyekiti wa Fed, wenzako wote wamekubaliana, ukikataa mara ya kwanza watakuelewa, mara ya tatu washaanza kukuona msumbufu, na ya nane bado hujarudi nyuma. Novemba walipoamua kununua hatifungani za serikali (karatasi za deni la serikali) za dola bilioni 600 alikataa vilevile.

Wapo waliosema hajali wasio na kazi, na hilo linaniuma maana hakutaka riba kubwa. Alitaka ipande taratibu ifike kama asilimia 1 halafu watulie waangalie hali. Alisema pesa ya kukopa ikiwa ya bure muda mrefu anayeumia ni mwenye akiba, na anayefaidi ni yule anayekopa kwenda kucheza kamari na bei za mali. Mi nilikuwa Kansas City miaka hiyo, nafanya kazi ghalani usiku, nimeweka dola elfu mbili na kitu benki za kuanzia msingi wa nyumba ya mama, na riba ya mwaka mzima haikufika hata bei ya galoni moja ya maziwa. Kwa hiyo alipozungumzia wenye akiba mi nilijua anamzungumzia nani.

Na hakuyatoa vitabuni tu, japo PhD ya uchumi anayo. Alizaliwa Iowa, nyumbani kwao walikuwa na biashara ya mafundi bomba, akaenda Vietnam jeshini, akaingia Fed ya Kansas City 1973 upande wa kusimamia mabenki. Miaka ile bei ya mashamba ilikuwa inapanda tu, wakulima wanakopa kwa dhamana ya ardhi, mabenki yanatoa, kila mtu anaamini ardhi haishuki, halafu Paul Volcker, mwenyekiti wa Fed wakati huo, akapandisha riba kuua mfumuko wa bei na ardhi ikaporomoka, mkulima anasimama kwenye uwanja wake anaangalia trekta lake likipigwa mnada, na benki ya mji wake nayo inafungwa. Halafu kuna Penn Square, benki ndogo ya Oklahoma City, ofisi zake kwenye shopping mall, iliyomwaga mikopo kwa wachimba mafuta na kuiuza kwa mabenki makubwa. Julai 1982 ikafungwa na waliokuwa na amana kupita kiwango cha bima wakala hasara. Miaka miwili baadaye Continental Illinois ya Chicago, iliyonunua mikopo hiyohiyo, ikayumba, na hiyo ikaokolewa, wenye amana wakalindwa wote. Mdogo anazikwa, mkubwa anabebwa. Mtu aliyeona hayo kwa karibu utamwambiaje asiwe na wasiwasi?

Nikiri kwamba bei za madukani hazikulipuka miaka iliyofuata kama wengi walivyoogopa, na wanaompinga wanashikilia hapo. Lakini yeye alikuwa anaangalia mbali kuliko bei ya mkate, alikuwa anaangalia mazoea, kwamba soko likizoea riba sifuri kuliondoa pale ni kazi kweli, na tuliona mwaka 2022 na 2023 riba ilipopanda haraka na Silicon Valley Bank, benki ya California, ikaanguka ikiwa imejaza hatifungani zilizonunuliwa wakati riba iko chini, na riba ikipanda thamani ya hatifungani za aina hiyo hushuka.

Alipotoka Kansas City hakwenda kupumzika. Kuanzia 2012 mpaka 2018 alikuwa makamu mwenyekiti wa FDIC, shirika la bima ya amana, na kule aliendelea na lilelile, benki kubwa ziweke mtaji zaidi wa kwao wenyewe, na zinazotaka kucheza sokoni zisicheze na amana za watu.