Peni ya 1914 iliyonila dola 180

Jana msomaji kanitumia picha ya peni ya Lincoln ya 1943, yaani ile senti moja ya Marekani yenye sura ya rais Lincoln, ina rangi ya shaba, anauliza "kaka, nimetoka?" Haya, kabla hujaacha kazi tafuta sumaku kwanza. Mwaka ule wa vita shaba ilikuwa inatakiwa jeshini, kwa hiyo senti zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, za shaba zilizoponyoka ni za kuhesabu, sasa wajanja wanazipaka shaba zile za chuma wanauza. Ikinasa, pole. Isiponasa usirukeruke bado, wengine wanakwangua 8 ya 1948 mpaka iwe 3.

Naongea hivi maana yalishanikuta. Nilikuwa keshia wa usiku hapa Columbus, Ohio, ndo nikaanza kuchambua chenji natafuta peni zenye masuke ya ngano nyuma, zile za 1909 mpaka 1958. Nilikuwa najua bwana! Au nilijiona najua. Jumapili moja kwenye soko la mitumba mzee mmoja mpoleee, kofia mkononi, kanitolea ya 1914 yenye D, herufi ya kiwanda cha sarafu cha Denver, ambazo zilitoka kama milioni 1 na laki mbili tu. Akataka 250, tukavutana, nikampa 180 nikaondoka haraka nikidhani nimempiga MIMI.

Duka la sarafu nililoipeleka, dada wa pale kaitazama kwa lenzi hata dakika haikuisha. "Ona bega la Lincoln." Kuna V.D.B. vidogo, herufi za mchoraji wake, Victor David Brenner. Ziliondolewa mwaka uleule peni hizi zilipoanza, 1909, zikarudi 1918, hapo begani. Sasa ya 1914 imezitoa wapi? Ilikuwa 1944, nne ya kwanza imechongwa ikawa moja, na kati ya 9 na hiyo 1 kuna nafasi kama pengo la jino. Thamani yake senti kadhaa. Niliona aibu mpaka nikasahau glavu zangu pale kaunta, na sikurudi kuzichukua.

Kwa hiyo jamani someni kwanza, bei baadaye. Someni! Mtu anajua bei ya mnada hajui hata herufi ya kiwanda inakaa wapi. Na acheni kusugua sarafu kwa limau na dawa ya meno, ikishang'aa hivyo mnunuzi anajua na bei inashuka hapohapo, tamaa tu zinatusumbua.

Wewe wa 1943, sumaku ya friji inatosha. Jaribu halafu niandikie.