Gari Linagonga Mbele: Majibu kwa Wenye Corolla 110

Barua za toleo hili zinazunguka gari moja: Toyota Corolla 110, iliyoanza kutoka Japani mwaka 1995 na kumpisha mrithi wake mwaka 2000. Miguu ya gari hili, yaani shokapu, springi na mikono inayoshika magurudumu, unaweza kuifungua nyumbani ukiwa na spana za 14, 17 na 19, boksi ya 21 kwa nati za magurudumu, nyundo ya kilo moja na nusu, jeki, na stendi mbili za chuma. Stendi usizikose. Tofali la saruji hupasuka ghafla, na jeki ya mafuta ikichoka hushuka yenyewe, nawe uko chini.

SWALI: Ndugu mafundi, nina 110 ya mwaka 1998. Nikipita barabara ya vumbi polepole, mbele kunagonga "kogo kogo". Nimebadilishiwa shokapu zote mbili za mbele, za mtumba kutoka Japani, lakini mlio uko palepale. Nibadilishe nini sasa? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Usibadilishe kitu kwanza. Pima. Shokapu iliyokufa mara nyingi haigongi: huvuja mafuta, na gari hunesa mara mbili tatu baada ya tuta badala ya kutulia mara moja. Mlio mwepesi wa haraka haraka, unaosikika mwendo mdogo kwenye mashimo madogo, mara nyingi hutoka kwenye linki za stebilaiza. Stebilaiza ni ile fimbo ndefu inayozuia gari kulala kwenye kona, na linki ni zile fimbo fupi zinazoishika kila upande. Chungulia kwanza kama gari lako linayo, maana si 110 zote zina stebilaiza ya mbele. Kama ipo, fungua linki za pande zote mbili, zifunge kwa waya zisiguse ekseli, kisha pita barabara ileile kwa kilomita 20 kwa saa. Mlio ukinyamaza, umempata mwizi. Usiende nalo barabara kuu likiwa hivyo, litalala sana kwenye kona.

Mlio ukibaki, inua mbele, weka stendi chini ya bodi ili magurudumu yaning'inie. Shika tairi juu na chini, litikise. Kukiwa na mchezo, mwambie mwenzako akanyage breki: mchezo ukipotea ni beringi ya gurudumu, ukibaki ni boljointi, kiungo cha mpira wa chuma kinachounganisha mkono wa chini na gurudumu. Shika tena kushoto na kulia. Mchezo wa hapo ni wa tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu kutoka kwenye usukani. Kisha shusha gari, weka kiganja juu ya springi ya mbele, na mwenzako azungushe usukani taratibu. Springi ikijisokota halafu ikaruka kwa kishindo, beringi ya mauntingi ya juu, kile kikalio kinachoshika shokapu kwenye bodi, imekufa. Mwisho, gari likiwa limezimwa na mtu amekanyaga breki, watu wawili walisukume mbele na nyuma. Gurudumu likihama ndani ya bodi, bushi ya nyuma ya mkono wa chini imechanika. Mkono wa chini ni kile chuma kinachounganisha gurudumu na bodi, na bushi ni raba iliyo kwenye kiungo chake. Bushi hiyo ndiyo inayotoa kishindo kimoja kizito unapofunga breki au unapoanza kurudi nyuma.

Kwa kuwa shokapu zako zimefunguliwa karibuni, anza na nati ya katikati juu ya shokapu, ambayo hukazwa kwa nyutonimita 47 hivi (kipimo cha nguvu ya kukaza). Uliza pia kama mauntingi za zamani zilirudishwa. Mara nyingi hurudishwa, na mlio hurudi nazo.

Na kuhusu shokapu za mtumba: kabla ya kulipa, isimamishe wima, ikandamize hadi chini kisha uivute. Isukume tena. Ikizama sentimita moja au mbili bila ukinzani wowote kabla ya kuanza kukaza, iache dukani. Raba usinunue ya mtumba hata siku moja. Umri wake ni uleule wa gari lililovunjwa.

SWALI: Hujambo mhariri. Jirani yangu ni fundi, na hufungua springi kwa kuifunga waya mnene mara nne. Anasema amefanya hivyo miaka mingi. Naweza kumwiga? *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Hapana. Springi ya mbele iliyobanwa inabeba nguvu ya kutosha kuvunja taya au mkono, na waya haukupi onyo lolote kabla ya kukatika. Tumia vibana springi vya skrubu, viwili vinavyotazamana, vikishika koili nyingi iwezekanavyo. Kaza kimoja mizunguko michache, hamia cha pili, rudi cha kwanza. Usitumie mashine ya upepo. Nati ya katikati isiguswe mpaka uone springi imeachia kikalio chake na unaweza kuizungusha kwa mkono. Uso wako usiwe juu ya shokapu wakati huo. Kama huna vibana, toa shokapu nzima na springi yake, nati tatu za juu na bolti mbili za chini, uipeleke kwa mwenye kifaa. Kazi iliyobaki utaifanya mwenyewe nyumbani.

Mambo mawili huharibu shokapu mpya siku ya kwanza. La kwanza ni kushika fimbo yake kwa koleo ili isizunguke: mkwaruzo mmoja mdogo utakata sili, na mafuta yataanza kutoka. La pili ni kuifunga ilivyotoka kwenye boksi. Ilikuwa imelala, hewa imeingia mahali pa mafuta. Isimamishe wima, ivute na kuikandamiza mara tatu hadi tano mpaka isukumike kwa uzito uleule mwendo wote. Badilisha jozi, kulia na kushoto pamoja, na kifuniko cha vumbi pamoja na raba ya kizuizi, ile inayozuia shokapu isigonge mwisho wake, viwe vipya.

SWALI: Assalaam aleikum mafundi. Bolti ya mkono wa chini imegoma kabisa. Nati imetoka, bolti yenyewe inazunguka na bushi lakini haichomoki. *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam. Hiyo ni kutu kati ya bolti na bomba la ndani la bushi, na si wenye magari wa pwani tu wanaokutana nayo. Magari yaliyotumika kaskazini ya Japani hupita barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, yakafika bandarini na kutu yake tayari.

Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili, asubuhi na jioni kwa siku mbili. Rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya bolti, kisha igonge nati, uzi usiharibike. Huku ukigonga, mwenzako azungushe kichwa kwa spana. Ikigoma bado, usitumie moto: raba itawaka, na mafuta ya gari hayako mbali. Kata bolti kwa msumeno wa chuma, kati ya bushi na kikalio chake, pande zote mbili. Mkono utatoka. Bushi uliyoipoteza ungeibadilisha hata hivyo.

Kwenye baadhi ya magari ya otomatiki, bolti ya upande wa kushoto hutoka nusu ikagonga giaboksi. Hapo tegemeza injini kwa jeki yenye ubao juu, legeza mauntingi za injini au shusha kidogo fremu ndogo inayoshika mikono ya chini, upate nafasi. Wakati wa kufunga, paka grisi ya kuzuia kutu kwenye shina la bolti linaloingia ndani ya bomba, si kwenye uzi. Uzi wenye grisi hukazika kupita kiasi hata kama spana ya kipimo inaonyesha namba sahihi.

SWALI: Naomba mnielekeze namna ya kubadilisha bushi za mkono wa chini bila mashine ya kusukumia. Pia, je, bushi za plastiki ngumu za rangi ni bora kuliko raba? Zangu za mwisho zilidumu miezi minne tu. *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Dada au kaka, hiyo miezi minne ndiyo inayotusumbua zaidi katika barua yako, na tutaifikia.

Kabla ya kufungua chochote, gari likiwa mahali tambarare, pima kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Andika namba ya kila upande.

Boljointi ya 110 imefungwa kwenye mkono kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo unaweza kuiachia kwenye gurudumu na kuutoa mkono wenyewe. Ukitaka kubadilisha na boljointi, usitumie uma wa kupigilia, utachana kifuniko cha vumbi. Legeza nati ibaki imeshika uzi kidogo, kisha piga pembeni ya tundu la chuma inamokaa, mapigo mawili matatu makali. Itaruka yenyewe. Kifuniko hicho kisipuuzwe: Japani, gari lenye kifuniko cha boljointi kilichochanika halipiti shaken, ukaguzi wa lazima wa magari wa huko, kwa sababu mchanga ukishaingia, grisi inageuka msasa.

Piga picha ya bushi ya zamani kabla ya kuitoa, na uweke alama kwenye mkono. Bushi ya nyuma ina matundu ndani ya raba, na mwelekeo wake una maana: upande wa matundu ni laini, upande mwingine mgumu. Ukiigeuza, breki zitavuta usukani. Toboa raba kwa drili kuzunguka bomba la ndani mpaka litoke. Ganda la nje likate kwa jino la msumeno kutokea ndani, mistari miwili, ukome kabla ya kugusa chuma cha mkono. Ligonge likunjamane, litatoka.

Bushi mpya iweke kwenye friza usiku mzima. Safisha tundu kwa msasa. Kwenye jiliwa, kile kibano cha skrubu cha mezani, upande mmoja weka kipande cha bomba kipana kuliko bushi, upande wa pili kipande kinacholingana na ganda la nje, kisha kaza polepole. Sukuma ganda, kamwe usisukume raba wala bomba la katikati. Maji ya sabuni yanatosha. Grisi ya kawaida huvimbisha raba.

Sasa miezi minne. Bushi ya raba haizunguki kama beringi. Bomba la ndani hubanwa na bolti lisisogee, ganda la nje limekazana ndani ya mkono, na raba iliyo katikati ndiyo hujisokota gari linapopanda na kushuka. Ukikaza bolti gurudumu likining'inia, raba imetulia katika hali hiyo ya kuning'inia. Gari likishushwa chini, raba inabaki imesokotwa usiku na mchana, hata ukiwa umeegesha. Kwenye tuta inasokotwa zaidi. Itachanika mapema, hata ikiwa ni raba bora ya kiwandani.

Kwa hiyo ingiza bolti zote, zikaze kwa mkono tu. Funga magurudumu, shusha gari juu ya mbao nene zilizopangwa chini ya kila tairi ili upate nafasi ya kuingia, na vizuizi mbele na nyuma. Litikise bodi mara kadhaa. Pima tena kutoka katikati ya gurudumu hadi madigadini. Namba ikirudi kama ulivyoiandika, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Bolti za mikono ya nyuma nazo zinataka hivyohivyo.

Bushi za plastiki ngumu hazisokotwi, huteleza, kwa hiyo zinahitaji grisi yake ya silikoni na hupiga kelele ikikauka. Mitetemo yote ya barabara mbovu huipeleka kwenye bodi. Kwa gari la familia, chagua raba.

SWALI: Baada ya kazi yote hii, wili alaimenti (kupima na kunyoosha magurudumu) ni lazima? *Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Lazima. Bolti mbili za chini za shokapu zina nafasi ndani ya matundu yake, na hapo ndipo mlalo wa gurudumu hubadilika. Zichoree mstari kabla ya kuzifungua. Ukitoa tairodi, hesabu mizunguko ya kuifungua na uirudishe kwa idadi ileile, ili gari lifike kwa mpimaji bila kula tairi. Nati yake ni nyutonimita 49. Tundu la pini inayoifunga nati lisipolingana, kaza kidogo mbele, usirudishe nyuma, na pini iwe mpya. Nati za magurudumu kaza kwa nyutonimita 103, kwa mpangilio wa msalaba, na uzikaze tena baada ya kilomita 50.