Mafuta ya karafuu hayazuii baridi ya Kitulo

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi na mwenzangu ni vijana wa Wete, Pemba. Februari, inshallah, tutaendesha baskeli kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa mpaka Chimala, tupande Matamba hadi Kitulo, kisha turudi kwa njia hiyo hiyo. Mvua haitutishi, tumekulia masika ya Pemba. Baridi ndiyo hatuijui. Nina koti la plastiki, fulana za pamba na chupa mbili za mafuta ya karafuu, maana nimeambiwa ukijichua kabla ya mteremko baridi haikupati. Je, chupa mbili zinatosha? Na breki nizifanyeje kwenye mvua?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Chupa zote mbili ziwache Wete, zitafaa jino likiuma.

Swali hili haliishi kuulizwa, kinachobadilika ni chupa tu. Leo karafuu, jana mchaichai, kesho tangawizi na pilipili manga. Ule moto unaousikia ukijichua uko kwenye ngozi, na mwilini halijaongezeka joto hata chembe. Mafuta yanaichokoza ngozi, damu inakimbilia juu, na huko juu ndiko upepo unakoingoja kuipoza. Tena karafuu inatia ganzi, ndiyo maana hutumika kwenye meno. Basi unapoteza joto na huku huhisi kwamba unalipoteza. Na mkono wenye mafuta ukigusa rimu au raba za breki, zile kona za juu ya Chimala ambazo wenyewe wanaziita Hamsini na Saba utazishuka kwa dua.

Hilo la "mvua haitutishi" ndilo linalonitisha mimi. Masika ya Pemba yanakunyeshea hewa ikiwa nyuzi 25 hivi, ukirowa unasikia raha. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapoa kiasi cha nyuzi sita na nusu. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, kwa hivyo Dar ikiwa 30, kule tarajia 13, na mvua ikianza ni chini ya hapo. Hewa ikiwa nyuzi 10 nawe unateremka kwa kilomita 40 kwa saa, ngozi kavu inapata baridi ya nyuzi 6. Yako haitakuwa kavu, na maji hupitisha joto kama mara 25 kuliko hewa. Watu wanangoja waone theluji ndipo waogope. Mtu anakufa kwa baridi bila ya barafu hata kidogo, akiwa amerowa, ana njaa na upepo unampiga. Februari ni katikati ya msimu wa mvua kule, na mara nyingi hushuka baada ya mchana. Ondoka alfajiri, sehemu ya juu uwe umeimaliza kabla ya adhuhuri.

Fulana ya pamba inalinywa jasho na kulishikilia. Pita kwenye mitumba utafute sweta mbili nyembamba za sufu au polista: moja ya kupandia, nyengine isitoke kwenye mfuko usiopitisha maji mpaka ufike juu. Koti la plastiki si baya kwa kushukia. Ubaya ni kulipandia, kwani jasho halina pa kutokea, unafika kileleni umerowa kwa ndani na tone la mvua halijadondoka. Panda na nguo chache, hata ukisikia ubaridi kidogo. Ukifika juu, kabla ya mteremko na si katikati yake, vua iliyorowa, jifute, vaa kavu, koti juu yake. Masikio yafunike. Mikononi vaa glavu za sufu, na juu yake zile kubwa za mpira za kuoshea vyombo; utachekwa, lakini vidole vikifa ganzi huwezi kubana breki. Tende weka mfuko wa mbele, ule kila nusu saa, kwa sababu kutetemeka kunakula sukari.

Raba za breki ziwe mpya, na chukua seti moja ya akiba. Rimu ikirowa, mizunguko ya mwanzo breki haishiki mpaka raba zifute maji, kwa hivyo anza kuzigusa mapema, kabla ya kona, baskeli ikiwa wima. Tope linazila upesi. Ukisikia chuma kinakwaruza, simama ubadilishe. Baskeli ya breki za fito usiipeleke huko kabisa.

Mwenzako akianza kuvuruga maneno, kuangusha vitu au kushindwa kufunga zipu, safari ya siku hiyo imekwisha. Akiacha kutetemeka naye bado ni baridi, hapo hajapata nafuu, mwili umeishiwa, na anahitaji hospitali. Mtoe kwenye upepo, mvue nguo zote zilizorowa, mvishe kavu, mtandikie kitu kizito asiguse ardhi. Chai ya sukari mpe ikiwa anameza vizuri. Chupa ya maji ya moto, imefungwa kitambaa, iwe kifuani na makwapani. Usimchue mikono wala miguu! Kwa mtu aliyepoa kiasi hicho, kuchuliwa kunaweza kuuvuruga moyo, na hapo ndipo mabingwa wa mafuta wanapokuja mbio na chupa zao.

Wako pia wanaosema kinywaji kikali kinapasha mwili. Kinafanya kazi ile ile ya karafuu, kinaileta damu juu ipoe, na akili kinaiondoa wakati unaihitaji. Lakini njia ya mkato ninayoichukia kuliko zote ni kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema au chumbani, mlango ukafungwa watu wakalala. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi. Unasikia kichwa kizito, unadhani ni uchovu wa milima, unalala moja kwa moja. Makaa yaliyoshika vizuri bila moshi nayo yanaitoa vile vile. Jiko likae nje, lichemshe maji ya ile chupa.